Kanzu Iliyosalimiwa

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Adelard alivaa shati lake la mikono mirefu, akalifunga vifungo mpaka shingoni, akatoka chumbani kwake na kufuata ukumbi hadi sebuleni kwa mwenye nyumba. Safari yenyewe haikuvuka paa la nyumba moja ya Kiswahili ya vyumba sita, pale Tandika nyuma ya soko, lakini aliivalia kama mtu anayekwenda kazini. Na kwa kweli ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Mashirika ya umma yalikuwa yakipunguza watu, na Adelard, karani wa bohari katika shirika moja la nguo, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Aliagwa kwa soda na hotuba, akarudi nyumbani na cheti cha utumishi mwema ambacho hakujua akitundike wapi. Wakati uleule mji ulikuwa umefunguka. Soko la Tandika, ambalo miaka michache nyuma mtu aliweza kulizunguka lote asipate kipande cha sabuni, sasa lilifurika mitumba, viatu vya plastiki, na redio kutoka Dubai zenye taa nyingi kuliko sauti. Jamali, mtoto wa kwanza wa mwenye nyumba, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alikuja likizo na televisheni ya rangi na deki ya video. Bara hakukuwa bado na kituo chochote cha televisheni. Mwenye antena ndefu alinasa Zanzibar siku hewa ikikubali. Mwenye deki alikodi kanda Kariakoo na kuwa mfalme wa mtaa.

Mwenye nyumba aliitwa Mwinshehe, Mzaramo wa hapohapo mjini, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuuzia samaki, kazi aliyoifanya Feri mpaka magoti yalipomkataza. Mkewe, Mwajabu, aliifumia deki ile kitambaa cheupe chenye pindo, ikawa inafunikwa juma zima na kufunuliwa Jumapili kama bibi harusi.

Kanda karibu zote zilikuwa za Kiingereza, na ndani ya nyumba ile aliyekijua Kiingereza sawasawa ni Adelard peke yake. Alikisoma kwa mapadre huko Tabora, akakitumia bohari kwa miaka mingi akiandika barua za malalamiko kwa watu waliouza nyuzi mbovu. Basi akapewa kiti: kile cha mikono ya mbao, pembeni mwa televisheni, kikiwatazama watazamaji nusu na kioo nusu. Kutoka hapo alifasiri. Kusema alifasiri ni kumpunja, maana alisimulia. "Huyu bwana anasema alimpenda marehemu kama baba. Msimwamini, mwoneni anavyomeza mate." Iko miji duniani ambako watu hulipa ili wakae kimya gizani mbele ya filamu. Tandika filamu isiyosemewa ilikuwa kama chai ya rangi isiyo na sukari: unakunywa, lakini hujui umefanyiwa nini.

Filamu walizozipenda kuliko zote zilikuwa zile za zamani za upelelezi, za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo tajiri hufa ndani ya jumba kubwa na inspekta mwenye kofia huja kuuliza maswali huku mvua inanyesha. Filamu za ngumi ziliwapa kazi ya kushangilia tu. Hizi zilimpa kila mtu kazi yake. Mwinshehe alimshuku daima mwenye mali nyingi zaidi kati ya waliobaki. Mwajabu alimshuku yeyote aliyekataa chakula. Kornelio, fundi redio aliyepanga chumba cha mbele, Mngoni asiyependa maneno, hakumshuku mtu mpaka mwisho, halafu akasema, "Nilijua."

Mwinshehe na Adelard walikuwa watani. Mzaramo na Mnyamwezi: utani wa tangu babu zao wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya pembe. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Siku ya kumzika mkewe Adelard, Mwinshehe alilala chali mbele ya jeneza, kanzu na yote, akasema hapiti mtu hapa mpaka Wanyamwezi walipe kuku, maana wamezoea kupita bure. Adelard alicheka akiwa ameshikwa mikono na watu wawili, machozi yakimtiririka, na baadaye alisema kwamba ule mcheko ndio uliomfikisha kaburini akiwa amesimama. Kwa hiyo hakukuwa na aibu ya Adelard ambayo Mwinshehe hakuigusa. Upara wake ulitukanwa. Ubahili wake wa mafuta ya taa ulitukanwa. Siku aliposinzia kanisani akaanguka na benchi, habari ilimfikia Mwinshehe, Mwislamu asiyejua hata mlango wa kanisa uko upande gani, akaila mwaka mzima.

Ukungu ulianza masika yaliyopita. Mwanzoni Adelard alidhani miwani imechafuka. Aliifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena, akaiosha kwa sabuni. Kisha balbu ya sebuleni ikaanza kuvaa duara za rangi. Kisha nyuso zikaanza kuondoka moja moja, zikabaki vivuli vyenye sauti. Kipupwe kilipofika, televisheni kwake ilikuwa dirisha lenye mwanga, na ndani yake mambo meupe yakisogea mbele ya mambo meusi.

Hakumwambia mtu. Alipiga hesabu yake mwenyewe kitandani: wakijua, watamhurumia, wakimhurumia, watamwandikia binti yake Mwanza, binti atakuja kumchukua, na atamalizia siku zake amekaa kwenye kigoda uani kwa watu, akishikishwa fimbo na kuulizwa kwa sauti kubwa kama amekula. Na kile kiti cha mikono ya mbao atakikalia mwingine. Hilo la mwisho, ingawa lilikuwa dogo, ndilo lililomuuma zaidi.

Kwa hiyo alijifunza kutazama kwa masikio. Kila mlango wa filamu una mlio wake. Viatu vya mwanamke havidanganyi. Maneno aliyasikia yote, na kwa yale yasiyosemwa alibahatika, kwa sababu wenzake walikuwa na tabia ya kuropoka. Mwajabu hasa. Tangu masika yale domo lake lilikuwa limeongezeka.

"Mwone, kafungua droo. Katoa barua. Anaisoma huku anatetemeka, mwone."

"Shemeji," Adelard alimwambia mara nyingi kwa sauti ya ukarani, "niachie nafasi nisikie."

"Samahani, shemeji. Umri huu mdomo haufungiki. Kaichoma moto ile barua."

Naye alikuwa anainama kidogo, kana kwamba kaudhika, huku moyoni akimshukuru Mungu kwa kumpa shemeji mropokaji.

Mara moja tu alidhani amenaswa. Ijumaa moja asubuhi alitoka uani na kumkuta Mwinshehe amesimama karibu na kisima, mweupe pe katika kanzu yake ya msikitini.

"Salaam, mtani," Adelard alisema. "Leo umenyooka. Unakwenda kuswali au kuoa?"

Mwinshehe hakujibu. Aliyumba kidogo na upepo, akazunguka nusu, na Adelard akaona kwamba hana miguu. Ilikuwa kanzu imeanikwa kwenye kamba. Papo hapo akasikia nyuma yake mkwaruzo wa nazi ukisimama. Mwajabu alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna. Na mlangoni, mtu alikohoa kikohozi ambacho Adelard alikijua kuliko chake mwenyewe.

Alisimama akingoja. Mtani wake alikuwa amepewa zawadi ambayo mtani mwingine huomba maisha yake yote asiipate. Lakini nazi iliendelea kukunwa, na Mwinshehe akasema tu, "Chai ipo ndani, mtani. Njoo kabla haijapoa."

Hawakuona, Adelard alijiambia. Mungu mkubwa, hawakuona.

Muda si mrefu baada ya hapo, chumba kilichotazamana na cha Kornelio kilipata mpangaji mpya. Aliitwa Fredrick, mwalimu wa sekondari, kijana wa Moshi mwenye mashati yaliyopigwa pasi na tabia njema. Alimwamkia kila mtu shikamoo kwa zamu, hata Mwajabu aliyekuwa anaosha sufuria. Kornelio, ambaye alimtengenezea redio, alimkaribisha Jumapili. Mwalimu hakuja mikono mitupu. Alikuja na kanda.

"Ni ya zamani kabisa, mzee," alimwambia Adelard. "Niliiona chuoni. Ya upelelezi. Nimesikia hapa ndiyo mnazipenda."

"Umeiona," Adelard alisema.

"Zamani kidogo. Nimesahau sehemu kubwa."

Adelard alikaa kwenye kiti chake na kuishika mikono yake ya mbao. Kijana ana macho mawili, ana Kiingereza cha chuo, na filamu ameiona. Mwinshehe, akikunja miguu kwenye mkeka, alisema, "Mwalimu, kaa hapo. Hapa kwetu anasema mtu mmoja tu, huyu Mnyamwezi. Wengine tunamsaidia kukosea."

"Mimi nitakaa kimya, mzee," Fredrick alisema. "Nimekuja kusikiliza."

Kornelio alisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, akaingiza kanda, na muziki wa huzuni ukaanza.

Tajiri mmoja mzee anaishi na mpwa wake wa kike, mpishi wa miaka mingi na daktari asiyetoka ndani. Chumba cha kulia kina saa kubwa ya ukutani ambayo mlio wake unasikika jumba zima. Tajiri anakutwa amekufa chumbani mwake. Inspekta anafika, mtu mnene anayetafuna karafuu kwa sababu ya jino bovu. Adelard aliwapenda wote tangu mwanzo na alikuwa katika siku yake nzuri. Alimpa mpishi sauti ya kulalamika. Alimpa daktari sauti ya puani. "Huyu daktari anasema chumba kina baridi, kuna dirisha halifungi vizuri. Kila saa baridi, baridi. Mtu mwenye damu safi hasikii baridi namna hii."

"Daktari ana saa ya dhahabu," Mwinshehe alisema. "Mie nimemaliza. Mfungeni."

"Kala vizuri lakini," Mwajabu alisema. "Aliyekataa supu ni yule binti. Kasukuma sahani, kageuza uso ukutani."

Fredrick alicheka kimyakimya. Adelard alisikia mcheko ule na bega lake likalegea kidogo. Labda kijana kweli amekuja kusikiliza.

Kisha adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa sokoni. Kwa kawaida deki ilisimamishwa, lakini Mwinshehe, akiinuka kwa kuyalalamikia magoti, alisema, "Endeleeni, mgeni asikae anatazama ukuta. Mtanisimulia." Akaenda kutia udhu. Wakati uleule jirani akapiga hodi mlango wa uani, anamtaka Mwajabu kwa jambo la mkeka wa arusi, na Mwajabu akatoka. Sebuleni wakabaki Adelard, mwalimu na Kornelio, ambaye hata nyumba ikiwaka angeitaja kwa neno moja.

Na hapo ndipo filamu ikanyamaza.

Muziki ulikatika. Hakuna aliyesema neno. Adelard alisikia saa ya ukutani ikigonga taratibu. Alisikia hatua laini, sakafu ikilia mara moja. Kisha kitu kikabofya, kama komeo. Kwenye kioo chake cha ukungu jambo jeupe lilipita mbele ya jambo jeusi. Kimya kikarefuka. Mfasiri anayenyamaza watu humtazama, na Adelard alihisi anatazamwa.

"Hapo," alisema, "ni daktari. Kaja kufunga lile dirisha."

Kornelio alikohoa.

"Daktari?" Fredrick alisema kwa upole. "Hapana, mzee. Wameturudisha usiku ule wa mauaji, na hawajamwonyesha mtu uso. Ni mkono tu. Mkono wa mwanamke, una bangili. Kafungua kioo cha saa, anairudisha nyuma mishale."

Saa ya kwenye filamu iliendelea kugonga. Adelard aliutafuta mkono huo kwenye mwanga na hakuuona, wala saa, wala bangili.

"Ni daktari," Kornelio alisema.

"Fundi, si unaona bangili ile?"

"Naiona. Ni daktari."

Mlango wa uani ukafunguka, Mwajabu akaingia akijifuta mikono kwa kanga. "Nani huyo kwenye saa?"

"Mzee kasema daktari," Kornelio alisema. "Anafunga dirisha." Kwa Kornelio hiyo ilikuwa hotuba.

Mwajabu alisimama. Kioo kilikuwa bado kinaonyesha mkono mwembamba, vidole vyenye kucha ndefu, bangili imeteleza hadi katikati ya mkono.

"Ehe," alisema, akakaa chini polepole. "Daktari. Madaktari wa Ulaya wanavaaga bangili siku hizi. Nilisikia."

Fredrick alimtazama mama mwenye nyumba, akamtazama fundi, kisha akamtazama mzee kwenye kiti, ambaye miwani yake ilikuwa imeelekea kidogo kulia mwa televisheni. Alikuwa mwalimu, na mwalimu mzuri anajua darasa linapomficha mwenzao kitu. "Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyesahau. Ni daktari."

Mwinshehe alirudi na ndevu mbichi. "Nimepitwa na nini?"

"Daktari kafunga dirisha," walisema watu watatu kwa pamoja.

Filamu haina adabu ya watu. Iliendelea na mambo yake. Inspekta aliwakusanya wote chumba cha kulia, akatema karafuu, akaanza kueleza, na Adelard hakuwa na njia ila kumfuata. Saa ya mfukoni ya marehemu, iliyovunjika alipoanguka, ilisimama saa tatu kamili. Lakini watu wote wanaapa kwamba saa ya ukutani ilipogonga tatu, mpwa alikuwa nao mezani.

"Inspekta anasema, saa moja kati ya hizi mbili inasema uongo," Adelard alisimulia. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Anasema, ya marehemu haina sababu ya kudanganya. Basi ni ile ya ukutani. Mtu aliirudisha nyuma. Anasema... anasema mpishi alichungulia gizani akauona mkono. Ulikuwa na bangili."

Hakuna aliyeropoka. Mwajabu, ambaye hakuweza kuuona mlango unafunguliwa bila kuutangaza, alikuwa kimya.

"Binti anakiri," Adelard alimalizia. "Anasema alichoka kungoja mzee afe. Anachukuliwa. Basi. Imekwisha."

Kanda ilifika mwisho, deki ikatoa ule mlio wake wa kusaga hewa. Kornelio hakusema kwamba alijua.

Adelard alikaa akisikiliza. Ndani ya kichwa chake ile habari ya inspekta ilikuwa bado inaendelea, ila jumba limekuwa nyumba ya vyumba sita. Alianza na mkono wenye bangili ambao watu wenye macho mazima walikubali kuuita daktari. Kutoka hapo akarudi nyuma. Kigoda cha mlangoni, ambacho alikipiga teke mara mbili wakati wa masika, hakikuwapo tena, lini kiliondolewa? Kikombe chake cha chai, ambacho zamani kiliwekwa mezani, siku hizi kilitiwa mkononi mwake. Kiti hiki kilisogezwa karibu na televisheni, na Mwinshehe alisema ni kwa sababu ya heshima. Mwajabu hakuwa mropokaji wakati Adelard alipohamia nyumba hii. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache yanayouma. Droo, barua, sahani ya supu iliyosukumwa: nani alikuwa akisimuliwa, kama si yeye?

Na kanzu.

Mtani aliyelala mbele ya jeneza la mkewe, asiyeacha upara wala benchi la kanisa, alimwona akiisalimia kanzu iliyoanikwa, akaiuliza kama inakwenda kuoa, na hakusema kitu. Si siku ile, wala Jumapili iliyofuata. Adelard aligundua kwamba tangu masika hajatukanwa juu ya macho hata mara moja. Alitukanwa upara, alitukanwa mafuta ya taa. Macho yalizungukwa kama kaburi. Alikuwa ameogopa siku watakapoanza kumhurumia, kumbe huruma ilikwisha kuingia na kukaa mkekani naye miezi yote hiyo, na jinsi ya kuitambua ilikuwa kwamba haikumtania.

"Mtani," alisema.

"Naam."

"Ijumaa ile niliisalimia kanzu yako."

Mwajabu aliacha kukunja ushungi. Kornelio, aliyekuwa ameinama kwenye deki, alibaki ameinama.

Mwinshehe alipojibu, sauti yake ya Feri ilikuwa imekwaruza. "Ilikuitika?"

"Hapana."

"Nimeilea vizuri. Nimeiambia isijibizane na wapagazi."

Adelard alijua kuna zaidi. Alisikia mtani wake akivuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia ngazi nyingi na sasa anaonyeshwa pa kulitua.

"Mwezi mzima, Adelard," Mwinshehe alisema. "Mwezi mzima nimelala na kanzu ile kifuani. Nalala, naamka, nacheka peke yangu, mama Jamali ananiuliza una nini. Mnyamwezi kaiposa kanzu yangu. Kaiuliza inaoa lini. Na mie nimekatazwa kusema. Nimekonda."

"Hujakonda," Mwajabu alisema. "Na niliyekukataza ni mie. Nilisema tukimtania atajua tumejua."

"Koo lako je, shemeji?" Adelard alimwuliza.

"Koo langu limekwisha. Toka masika nakusimulia picha, na wewe unaniambia nikuachie nafasi. Siku ile ya picha ya kaburi na mvua nilitaka nikupige na upawa."

Ndipo Adelard akacheka. Alicheka kwa tumbo, kama pale makaburini, na Mwinshehe akaanza yake, akayatoa yote aliyoyaweka akiba: kwamba kanzu ilikuwa imekubali lakini wazee wake wanataka mahari, kwamba siku hizi Wanyamwezi wanapita mbele ya nyumba wakizisalimia nguo za watu, basi wenye nguo wazifiche, kwamba juzi alimwona mtani wake anamwachia njia mbuzi, mbuzi wa kukunia nazi. Mwajabu alijifunika uso na kanga. Mwalimu Fredrick, ambaye Moshi hakuwa amezoea kuona mzee anatukanwa hivi na wenziwe mchana kweupe, alitazama chini mpaka alipomwona mzee mwenyewe anaomba aongezewe.

Walipotulia, Adelard alivua miwani, akaishika mapajani. Bila kicheko uso wake ulionekana umechoka. "Basi sasa mmejua na mie nimejua," alisema. "Mwalimu, kiti hiki ni chako. Kiingereza chako kizuri na macho unayo. Naomba tu nisipelekwe kwa binti yangu kabla ya mvua. Nataka kusikia picha mbili tatu zaidi."

Ilikuwa imesemwa. Mikono yake ilikuwa imekwisha kukiachia kile kiti.

"Mzee," Fredrick alisema, "mama yangu alikuwa hivyohivyo. Alikuwa anamwita ng'ombe kwa jina la dada yangu. Walimpasua macho, wakatoa ule utando wa mtoto wa jicho, akavaa miwani minene. Sasa anaona hata ambayo hatutaki aone. Hakuna mtu aliyepelekwa kwa mtu. Nenda ukapimwe kwanza."

"Wakishindwa?"

"Wakishindwa," Mwajabu alidakia, "utakaa hapohapo ulipokaa na mie nitaendelea kuropoka, ila utaacha kunigombeza. Mwalimu, usinielewe vibaya, mwanangu. Wewe Kiingereza unakijua. Lakini ulipoufasiri ule mkono, umefasiri mkono tu. Huyu angetuambia na huyo mwenye bangili jana alikula nini."

"Ni kweli, mama," Fredrick alisema, na hakuonekana kuumia.

"Jumatatu," Mwinshehe alisema. "Nakupeleka mwenyewe. Nitakushika mkono kuanzia hapa mpaka kwa daktari, na kila atakayetuuliza njiani nitamwambia huyu ni mchumba wa kanzu yangu."

Adelard alifikiri juu ya hilo: kuvuka Tandika yote ameshikwa mkono, na sauti ile ikitangaza. Miezi yote ile jambo aliloliogopa lilikuwa na sura ya kigoda na fimbo na watu wanaonong'ona. Hakuwahi kulifikiria likiwa na kelele.

"Ukisema hivyo njiani," alijibu, "na mie nitawaambia wauza samaki kwamba ulipokuwa Feri ulikuwa unaogopa kaa."

"Nani kakwambia?"

"Mkeo. Anaropoka."

Kornelio alikuwa bado kwenye deki, kidole kwenye kitufe. "Nirudishe?" aliuliza.

"Rudisha ile sehemu," Mwinshehe alisema. "Mie nilikuwa naswali. Nina haki yangu."

Kanda ilikimbia nyuma kwa mlio wa nyuki, ikasimama. Saa ya ukutani ikaanza kugonga tena ndani ya lile jumba la giza. Adelard alirudisha mikono yake kwenye mbao za kiti, akainamisha kichwa upande wa kioo. Hakutafuta tena chochote kwenye mwanga ule.

"Haya, shemeji," alisema. "Nipe."

"Giza," Mwajabu alisema, na sasa hakujifanya anaropoka. Alisema polepole, kama mtu anayepima unga. "Ukuta. Saa. Mkono unaingia kutoka kushoto, mweupe, mwembamba. Vidole vinatetemeka kidogo. Anafungua kioo."

Komeo likabofya.

"Ndiyo hiyo niliyoiita dirisha," Adelard alisema. "Endelea. Mtoto huyu hajalala usiku kucha. Supu aliikataa kwa sababu hii. Anashika mshale?"

"Anaushika."

"Mshale mzito. Hajawahi kuigusa saa hii tangu akiwa mdogo, mzee alimkataza. Unamwona anavyositasita?"

"Namwona," Mwajabu alisema, ingawa kwenye kioo palikuwa na mkono tu.

Mwinshehe alijisogeza mbele kwenye mkeka, kidevu mkononi.

"Mtani," alisema, "mie sijaelewa kitu kimoja. Bangili hiyo daktari kainunua wapi?"